Tisini Nukta Tisa

Dodoso limefika Wete Jumatatu, na boti ya mchana,
mihuri mitatu, na barua juu yake isemayo kwa adabu:
Tafadhali pimeni serikali yenu
inavyoitii sheria ya Jumuiya.
Majibu yawe Ndiyo, Hapana, au Kwa Sehemu.
Mwisho Alkhamisi.

Mie, Mize binti Khatibu, karani wa takwimu,
niliyezoea kuhesabu miche ya mikarafuu na mbuzi waliochanjwa,
leo nihesabu utiifu.
Nauhesabu kwa kipi?
Hauna kwato.

Swali la kwanza jepesi. Kanuni imechapishwa? Ndiyo.
La pili. Imetafsiriwa? Ndiyo, na vizuri,
aliyeitafsiri alijua pa kuweka mkato.
La tatu. Imebandikwa mahali pa wazi?
Nikateremka bandarini nihakikishe.
Ipo. Imebandikwa ukutani, nyuma ya mlango,
na mlango ukiwa wazi, huifunika.
Nikaandika Ndiyo. Nikafuta. Nikaandika Kwa Sehemu.

Mbele ya mlango huo Bi Riziki Shaame
ana magunia sita ya vitunguu kutoka Shimoni
na cheti cha mfanyabiashara mdogo,
kimekunjwa mara nne ndani ya pindo la kanga.
Sheria inasema: huyu asitozwe.
Serikali inasema: sheria tumeipokea.
Afisa anasema: mie waraka sijauona.
Nani kavunja? Hakuna.
Vitunguu ndivyo vinavyochipua.

Kalipa. Risiti hakupewa,
na pasipo risiti dodoso halioni kitu.
Malalamiko yaliyoandikishwa: sifuri.
Sifuri, katika hesabu yao, ni alama nzuri kabisa.

Mama yangu alichuma karafuu misimu thelathini,
akilipwa kwa pishi.
Kabla hajamimina hata punje
alitia mkono ndani ya pishi ya msimamizi,
akapapasa kuta zake kama mkunga.
“Hii ina tumbo,” akasema mbele ya watu.
“Kila msimu inazaa, na watoto
wanabaki kwa mwenye shamba.”
Walicheka. Kesho yake ikaletwa nyingine,
tumbo lake dogo zaidi.

Nami usiku huu, umeme umekatika mara mbili,
nalipapasa dodoso.
Aliyetunga maswali hajafika Pemba; si kosa.
Anayejibu analipwa na anayepimwa;
hilo nalo, eti, si kosa.
Na mahali pa jina la nchi pana kisanduku kimoja.
Yule afisa wa mlangoni, sare yake imetoka ng'ambo hii ya maji,
mshahara ng'ambo ile,
na kanuni ng'ambo ya tatu.
Nimpime kwa niaba ya nani?
Nimepiga simu Unguja. Wamesema: jaza tu.

Bwana Mbarouk naye kapiga, sauti laini:
“Hebu Mize, mwaka jana tulipata themanini na nane.”
Hakuongeza neno.
Mkubwa akikohoa, mdogo ndiye anywaye dawa.

Maswali arubaini na manne, Ndiyo arubaini.
Nikagawa mara mbili, kwa mashine na kwa kalamu.
Tisini nukta tisa.
Hesabu ni sahihi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi:
hakuna nilipodanganya.

Ukurasa wa mwisho: Maoni mengine, si lazima.
Mistari miwili tu wameacha.
Nikaandika: Magunia sita.
Nikaandika: Mlango wa ofisi ya bandari ufungwe,
ili sheria isomeke.

Wiki ya tatu nimepita pale.
Karatasi imehamishwa, iko nje, karibu na mtungi wa maji,
kona moja imelowa.
Bi Riziki kaweka gunia chini,
anasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari,
taratibu, kifungu kwa kifungu,
na foleni nyuma yake haina haraka.
Afisa anatazama viatu vyake.

Siku hiyo alitozwa nusu.